Kabla ya kuuza minazi kwa ajili ya sumaku na sindano

Kwa zaidi ya miaka thelathini ami yangu alikula kwa ulimi wake. Alikuwa mkalimani wa mahakama huku Pwani. Mshtakiwa akijitetea kwa Kidigo, yeye humfasiria hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akitoa uamuzi kwa Kiingereza, yeye huurudisha kwa Kiswahili fasaha kiasi kwamba hata bibi kizee aliyeketi ubao wa nyuma aliondoka akijua nani ameshinda na kwa sababu gani. Asubuhi moja, miaka michache baada ya kustaafu, aliamka mkono wake wa kulia ukiwa mzito kama gogo, mdomo umekwenda upande, na maneno ya lugha zote tatu yamemtoka. Lililosalia lilikuwa moja tu: "Ndivyo." Aulizwapo kama ana njaa, "Ndivyo." Aulizwapo kama ameshiba, "Ndivyo." Na anapoona hatumwelewi hulirudia neno hilo mara tatu au nne kwa ghadhabu, machozi yakimlengalenga.

Ajabu ni kwamba ukimwanzishia Alhamdu, huisoma yote hadi Amin bila kukwama. Huhesabu moja hadi kumi. Hata kile kiapo cha mahakama alichowaapishia maelfu ya mashahidi, ukimtamkia maneno mawili ya mwanzo, atakumalizia. Lakini maji ya kunywa hawezi kuyaomba.

Katika hospitali tuliyompeleka alipimwa shinikizo la damu, akapigwa picha ya kichwa, akapewa dawa. Mguu wake ulipata mtu wa kuunyosha, na mkono vilevile. Ulimi haukupata mtu. Tuliambiwa tumshukuru Mungu kwamba yu hai, na kwamba maneno yatarudi yenyewe. Majirani nao walikuwa na yao: kwamba amerogwa na jamaa za watu waliofungwa kwa tafsiri yake. Nusu mwaka ukapita, na yeye bado yuko kwenye "Ndivyo".

Ndipo mwanawe mkubwa aliporudi kutoka mjini na kikaratasi chenye picha ya ubongo uliopakwa rangi nyekundu na buluu. Kliniki moja ilikuwa ikitangaza tiba mpya kwa waliopotewa na usemi baada ya kiharusi: ubongo husisimuliwa kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, na papo hapo mgonjwa hudungwa sindano za Kichina. Vikao ishirini. Bei yake ni fedha ambazo ukoo wetu hauwezi kuzipata ila kwa kuuza kipande cha shamba la minazi. Mwana mkubwa akasema tuuze. Mdogo wake akasema huo ni utapeli mtupu. Na kwa kuwa mimi ndimi ninayehesabiwa kuwa msomi, kwa maana kwamba jina langu huonekana gazetini, niliagizwa nikautafute ukweli niulete barazani. Mimi si daktari. Haya ni yale niliyoyapata kwa kusoma na kuuliza, nami nayaandika hapa kwa sababu naamini nyumba yetu si ya pekee.

Wataalamu huita hali hii afazia. Kiharusi hutokea damu inapokoma kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Kwa watu walio wengi, kazi ya lugha huendeshwa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo, ile ile inayotawala mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi anayepooza upande wa kulia hupotewa na maneno pia. Takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi huingia katika hali hiyo kwa kiwango fulani katika siku za mwanzo.

Elimu hii si ya jana. Mwaka wa 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Watu walimwita Tan. Alielewa aliyoambiwa, na alijibu kwa ishara za mkono. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka wa 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: mgonjwa anayesema kwa wepesi, maneno yakimiminika, lakini yasiyoshikana, naye haelewi vyema anayoambiwa. Niliposoma habari za Tan nilikiweka kitabu chini kwa muda. Mtu yule na ami yangu wametenganishwa na miaka mia moja na sitini, bara mbili na dini mbili, na ugonjwa wao ni mmoja hadi kwenye silabi.

Hapa kuna jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi kabla hatujafika kwenye sumaku. Aliyepotewa na usemi si mwendawazimu, wala si mtoto. Ami yangu hucheza bao na kuwashinda vijana. Anajua bei ya nazi. Anajua nani anamdai na nani anamdanganya. Hata hivyo, katika jamii zetu mtu asiyeweza kusema huhesabiwa kuwa hayupo. Wageni humsalimia mkewe na kumwuliza, "Mzee anaendeleaje?" naye mzee ameketi pale pale. Mashamba hugawanywa, mahari hupokewa, na hati hutiwa alama ya kidole gumba kilichoshikwa na mtu mwingine. Kwa hiyo tunapozungumzia kumrudishia mtu usemi, tunazungumzia pia kumrudishia mamlaka juu ya mali yake na mwili wake.

Sasa tuingie kwenye sumaku. Mwaka wa 1985, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba koili ya waya ikiwekwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme mkali kwa muda mfupi mno, sumaku inayozuka hupenya fuvu bila maumivu makubwa na kuamsha chembe za ubongo zilizo chini yake. Mikupuo hiyo ikirudiwa kwa mpangilio, athari yake hudumu kwa muda baada ya mashine kuzimwa. Kwa kawaida, ikirudiwa polepole, mara moja kwa sekunde, hutuliza sehemu ile. Ikirudiwa kwa kasi, huichochea. Mwaka wa 2008 Marekani iliidhinisha mashine ya aina hiyo kwa kutibu ugonjwa wa sonona. Kwa hiyo mashine si hadithi ya kubuni, na mwana mdogo wa ami yangu alikosea alipoiita utapeli mtupu.

Wazo la kuitumia kwa afazia linavutia. Nusu ya kushoto ya ubongo inapojeruhiwa, sehemu zinazolingana nayo upande wa kulia huamka na kufanya kazi kupita kiasi. Baadhi ya wataalamu huamini kwamba kelele hiyo ya upande wa kulia huuzuia upande wa kushoto usijitengeneze, mfano wa msaidizi anayepaaza sauti hadi mwenye kazi mwenyewe asisikike. Basi huutuliza upande wa kulia ili wa kushoto upate nafasi. Margaret Naeser na wenzake huko Boston walilijaribu hilo wakachapisha matokeo mwaka wa 2005: wagonjwa wanne, ambao miaka kadhaa ilikuwa imepita tangu wapatwe na kiharusi, walituliziwa sehemu ndogo ya upande wa kulia kwa vikao kumi, wakaimarika katika kutaja majina ya vitu kwenye picha. Wanne tu, na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Wao wenyewe hawakudai kwamba wamemaliza kazi.

Kuna pia njia nyingine iliyo nyepesi na ya bei nafuu zaidi, ya kupitisha mkondo mdogo wa umeme, wa miliampea moja au mbili, kupitia sponji zilizoloweshwa na kufungwa kichwani. Mwaka wa 2018 kulitangazwa Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 74 wa afazia. Wote walifanyishwa mazoezi ya lugha, baadhi wakapewa mkondo wa kweli na wengine wa kuigiza. Hitimisho la watafiti lilikuwa la tahadhari: kwamba njia hii haistahili kutupwa, na kwamba jaribio kubwa zaidi linafaa kufanywa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2019, yaliyokusanya majaribio ya namna hii, yalikuta dalili za manufaa katika kutaja majina ya vitu, lakini hayakupata ushahidi kwamba wagonjwa walizungumza vyema zaidi katika maisha yao ya kila siku. Tofauti hiyo msomaji aishike vizuri. Kulitaja neno "kikombe" mbele ya picha ya kikombe ni jambo moja. Kuomba chai ni jingine.

Tugeukie sindano. Watu wa Afrika Mashariki si wageni kabisa wa tiba hii, kwani madaktari wa Kichina walianza kufika Zanzibar, na kisha Tanzania Bara, tangu miaka ya 1960. Huko kwao imefanyiwa kazi nyingi kuhusu kiharusi. Mwaka wa 1972, mjini Tianjin, daktari Shi Xuemin aliunda utaratibu maalumu wa kuwadunga wagonjwa wa kiharusi, na katika miaka hiyo hiyo Jiao Shunfa alieneza mtindo wa kudunga ngozi ya kichwa juu ya sehemu za ubongo zinazodhaniwa kuhusika na usemi. Kwa waliopotewa na maneno hudungwa chini ya kidevu, chini ya ulimi, mkononi karibu na kiwiko cha kiganja, na kwenye kisogo mahali panapoitwa Yamen, jina lenye maana ya mlango wa ububu. Ni jina zuri. Ni mahali pa hatari pia, kwa kuwa sindano ikizama mno kisogoni, shina la ubongo haliko mbali.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaozicheka sindano. Sizicheki tena. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kulichapishwa katika jarida moja la chama cha madaktari wa Marekani jaribio lililofanywa katika hospitali tatu nchini Uchina kwa wagonjwa 252 wenye afazia ya kushindwa kutamka. Wote walipewa mazoezi ya lugha. Kundi moja likadungwa sindano za kweli, jingine za kuigiza. Baada ya wiki sita, waliodungwa za kweli walikuwa mbele kwa ufasaha na kwa mawasiliano, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi sita baadaye. Jaribio moja halitoshi, na katika tiba ya sindano kuna tatizo la kudumu: anayedunga hujua ipi ni ya kweli na ipi ya kuigiza, na uso wake waweza kumfunulia mgonjwa. Lakini ni ushahidi wa haki, uliopatikana kwa njia ya haki, na asiyeukubali akaukanushe kwa ushahidi, si kwa kicheko.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba yule yule Naeser wa Boston, kabla ya kuishika sumaku, alikuwa ameshughulika na sindano. Mwaka wa 1992 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa kulinganisha sindano za kweli na za kuigiza kwa waliopoozwa na kiharusi, wakizitazama picha za ubongo wa kila mgonjwa, wakaona kwamba mahali na ukubwa wa jeraha husaidia kubashiri ni nani atakayefaidika. Yaani hata aliyekuwa na imani ya kuzichunguza sindano hakusema humfaa kila mtu.

Je, vipi tukiviunganisha viwili hivi? Hoja ya wanaofanya hivyo ni kwamba sumaku huufikia ubongo moja kwa moja kutoka juu, nayo sindano hupeleka ishara kutoka mwilini kwa njia ya mishipa ya fahamu, na kwamba zikikutana ubongo huwa tayari zaidi kujifunza upya. Tafiti za muungano huu zimefanywa hasa Uchina, nazo nyingi hutoa habari njema. Lakini ukizisoma kwa makini utaona mtindo mmoja: wagonjwa ni wachache, kundi la kulinganishwa mara nyingi hupewa mazoezi ya lugha tu, bila mashine ya kuigiza wala sindano ya kuigiza, na muda wa kuwafuatilia ni mfupi. Mgonjwa anayewekewa koili kichwani, akadungwa sindano, akazungukwa na wataalamu saa nzima kila siku, amepata mambo mengi zaidi ya sumaku na sindano. Amepata watu wanaomngojea aseme. Isitoshe, miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ubongo hujiponya kwa kiasi fulani wenyewe, na anayemtibu mgonjwa wakati huo huvuna asichopanda. Sisemi muungano huo haufai. Nasema haujapimwa vya kutosha kiasi cha mtu kuuzia minazi.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote, ambalo halikuwamo katika kikaratasi kile. Katika takriban kila jaribio nililolisoma, la sumaku, la umeme, la sindano au la vyote pamoja, kuna kitu kimoja kisichokosekana: mazoezi ya lugha. Mtaalamu wa tiba ya usemi huketi na mgonjwa, picha mkononi, siku baada ya siku, akimfundisha upya kulikamata neno na kuliunga na jingine. Mashine na sindano ni trekta ya kulainisha ardhi. Mbegu ni mazoezi. Na mbegu hiyo, tofauti na trekta, ina ushahidi mkubwa: mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2016 yalikusanya majaribio 57 yenye washiriki 3,002, yakaona kwamba tiba ya usemi huwasaidia wenye afazia kuwasiliana. Mwaka uliofuata, Wajerumani walionyesha kwamba hata wagonjwa walioishi na hali hiyo kwa zaidi ya miezi sita waliimarika walipofanyishwa mazoezi makali kwa wiki tatu, saa kumi au zaidi kila wiki. Ipo hata njia iliyoanzishwa Boston mwanzoni mwa miaka ya 1970 ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kuimba, kwa kuwa kuimba hubakia pale kusema kulipoondoka. Nilikumbuka Alhamdu ya ami yangu.

Sasa nauliza: mbegu hiyo iko wapi nchini Kenya? Wataalamu wa tiba ya usemi tulio nao ni wachache mno kwa taifa la mamilioni ya watu, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Mgonjwa wa Kinango au wa Lodwar atampata wapi? Na hata akimpata, atapimwa kwa kipimo gani? Vipimo vingi vya afazia vilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo neno husimama peke yake. Kiswahili si hivyo. Katika "hatutawaletea" kuna ukanushi, kuna watendaji, kuna wakati, kuna watendewa, na kitendo chenyewe kilichonyambuliwa, vyote vimefungwa kwenye neno moja. Mgonjwa aweza kukumbuka mzizi na kupoteza viambishi, au kusema "mtoto kimeanguka" kwa kuvurugikiwa na ngeli. Kipimo cha Kiingereza hakitayaona hayo. Na je, Kidigo, Kimeru, Kijaluo, Kisomali?

Kuhusu wenye lugha nyingi, ambao ndio sisi wote, Mfaransa Albert Pitres alieleza mwaka wa 1895 kwamba lugha inayorudi kwanza huwa ni ile aliyoizoea mgonjwa zaidi kabla ya kuugua. Mwenzake Théodule Ribot alikuwa ameshikilia kwamba ni ile aliyoipata kwanza utotoni. Mabishano hayo hayajesha, kwani wagonjwa wamewakanusha wote wawili. Kwa ami yangu hilo si suala la maktabani. Je, afundishwe upya kwa Kidigo cha mamaye, kwa Kiswahili cha mkewe, ama kwa Kiingereza cha kazi yake? Hakuna mahali popote tulipompeleka ambapo swali hilo liliulizwa.

Wakenya tuna udhaifu wa kupenda mtambo kuliko mtu. Mwaka wa 2015 serikali ilikodi vifaa vya kisasa vya hospitali kwa ajili ya kaunti, na baadaye Seneti ilipochunguza mradi huo taifa lilisikia habari za mitambo iliyokaa bila kazi mahali ambapo hapakuwa na wataalamu wa kuiendesha wala umeme wa kutosha. Nahofia kwamba na hii ya sumaku itatujia kwa njia ile ile: waziri atakata utepe, picha zitapigwa, na mtu wa kuketi na mgonjwa hatakuwapo.

Ingekuwa hekima kuanzia upande wa pili. Vyuo vikuu vyetu na vifundishe wataalamu wa tiba ya usemi kwa wingi, na vile vyuo vya kufundishia wauguzi viwape wanafunzi wao angalau misingi ya kuzungumza na mwenye afazia, kwani muuguzi ndiye anayeonana naye kwanza na mara nyingi zaidi. Wanaisimu wetu wa Kiswahili, ambao ni mahodari na wanaofahamika hata nje ya mipaka, waketi na madaktari watunge kipimo cha Kiswahili, kisha cha lugha nyinginezo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, iseme kinaganaga ni saa ngapi za tiba ya usemi inazolipia baada ya kiharusi. Na kwa hao wanaoamini sumaku na sindano, mlango usifungwe: wafanye jaribio hapa hapa, chini ya kamati ya maadili, kwa wagonjwa wa Kenya wanaofundishwa kwa lugha za Kenya, mashine ya kweli kwa mashine ya kuigiza, na mgonjwa asitozwe hata senti. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 iliagiza kuwe na chombo cha kusimamia tiba za jadi na tiba mbadala. Anayedunga watu visogoni ni miongoni mwa wa kwanza wanaostahili kusimamiwa.

Kuna na hatari ambazo familia zapaswa kuzijua. Sumaku yaweza, kwa nadra, kumletea mtu kifafa, na aliyepata kiharusi ana uwezekano huo tangu hapo. Mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiikaribie bila daktari kuthibitisha. Anayemeza dawa za kuzuia damu isigande amweleze mwenye sindano kabla hajavua shati. Na sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa, itupwe mbele ya macho yake.

Nilimpigia simu msimamizi wa kliniki ile. Alikuwa mwungwana, na aliyajibu maswali yangu kuhusu kifafa na kuhusu usafi vizuri kabisa. Nikamwuliza la mwisho: nani atakayemfanyisha mzee mazoezi ya kusema baada ya kila kikao, na kwa lugha gani? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mashine yao haina lugha.

Nilipoyasimulia haya yote barazani, mwana mkubwa alikasirika. Alisema, "Ami, wewe waniambia ningoje utafiti. Baba hangoji." Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na sidhani kwamba anayeuza shamba kwa ajili ya baba yake anastahili kuchekwa na mtu yeyote. Nilimwambia tu kwamba nauli ya kumpeleka kwa mtaalamu wa usemi Mombasa kila wiki kwa mwaka mzima, pamoja na ada yake, ni sehemu ndogo ya bei ya kliniki ile, na kwamba minazi iliyouzwa hairudi hata usemi ukirudi.

Tulikuwa tumebishana karibu saa nzima ndipo mjukuu wake mmoja, msichana wa darasa la saba, alipouliza kwa nini babu mwenyewe haulizwi. Shamba ni lake. Kichwa ni chake. Ameketi katikati yetu. Nakiri kwamba hata mimi, niliyekuwa nikihubiri habari za Tan na Broca, sikuwa nimelifikiria hilo.

Msichana akachukua daftari, akachora minazi mitatu upande mmoja, na upande wa pili akamchora mtu aliyefungwa koili kichwani na sindano shingoni. Akamweleza babu yake polepole, kwa sentensi fupifupi, kwa Kidigo. Akamwambia asitumie neno lake, kwani neno lake ni moja kwa yote. Ainue kidole gumba kwa kukubali, akishushe kwa kukataa. Ami yangu aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Aliuweka mkono wake wa kushoto, ule mzima, juu ya minazi, akaufunika. Kisha akamnyang'anya mjukuu wake kalamu na, kwa mkono usiouzoea, akachora kitu ambacho tulibishana nacho mpaka mkewe alipokitambua: kiti, na mbele yake kiti kingine.

Mtaalamu wa Mombasa ametupangia Jumanne. Mwana mkubwa ndiye atakayempeleka, na yule msichana amepewa ruhusa shuleni aende nao mara ya kwanza ili ajifunze yatakayofanywa nyumbani siku nyingine sita.